Iliyoungua ni pawasaplai, msiuze kompyuta
Na Naomi Cheruto

Kwa fundi mmoja wa redio karibu na Barabara ya Uganda, hapa Eldoret, kuna Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1982. Pawasaplai yake ni ya volti 120. Ilichomekwa kwenye stima yetu ya volti 240 kwa adapta ya dukani, na adapta hiyo hubadilisha umbo la plagi tu. Ilitoa moshi, ikazimika. Wenyewe walikwisha kuulizia bei ya skrapu kabla ya kushauriwa waifikishe kwa fundi.

Mkasa huu si mgeni katika eneo letu. Tangu siku za Henry Rono na Samson Kimobwa, waliosoma na kukimbia Washington State University miaka ya 1970, vijana wetu wamekuwa wakienda vyuo vya Marekani, na mizigo inayorudi huwa na vyombo vya umeme wa kule. Vinazeeka darini, halafu siku moja mjukuu anataka kujaribu.

Moshi si kifo. Pawasaplai ya Commodore hutoa njia mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Transfoma ikipewa umeme maradufu hupata moto haraka. Ikiungua huku chipu inayodhibiti zile volti 5 ikiwa bado imeshikilia, kompyuta huweza kusalimika. Chipu hiyo ikisalimu amri, volti za ziada huingia kwenye bodi, na mara nyingi chipu za kumbukumbu ndizo hufa mwanzo. Fyuzi iliyo ndani ya kompyuta hulinda njia ya volti 9 peke yake, kwa hiyo kuikuta haijakatika hakuthibitishi lolote kuhusu kumbukumbu.

Fundi huyo nilimpenda kwa sababu hakuiwasha. Aliweka kando pawasaplai, ambayo kwa kawaida imejazwa gundi ngumu ndani na haitengenezeki kwa urahisi, akachukua mita kutafuta kama njia ya volti 5 imeshikana na athi. Pawasaplai nyingine ya 240 itapimwa peke yake kwanza. Ikizidi volti 5.25 haitaguswa na kompyuta. Baada ya hapo ndipo ataiwasha kwa muda mfupi na kupapasa chipu moja moja. Inayochoma kidole upesi inashukiwa.

Kazi yote hiyo huharibiwa na mteja anayeficha. Wengi hufika wakisema mashine "imezima tu yenyewe", kwa kuogopa lawama au bei, na fundi anaanza kutafuta kibodi iliyokwama wakati ajali ilitokea ukutani. Mwambieni alichomeka nani, wapi, na kwa waya upi. Mwambieni pia ilitoka nchi gani, maana kuna mtego mwingine: runinga zetu za zamani ni za mfumo wa PAL, na mashine ya Marekani hutoa NTSC. Picha ikibiringika au ikikosa rangi, mtu huapa kwamba bado ni mbovu, na chipu zisizo na kosa zinang'olewa.

Mashine za aina hii ningetaka kuziona kwenye karakana za Eldoret National Polytechnic, si kwenye mizani ya skrapu. Kitabu cha mwongozo ambacho Commodore iliwatolea waandishi wa programu kilikuwa na mchoro wa saketi nzima, jambo ambalo mwenye simu ya leo hapewi. Vipuri vyake ni vikubwa, vinaonekana bila lenzi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuweka mita mlangoni mwa stima na kuzifuata volti 5 hadi mahali zilipopotea. Chuo kikitangaza kwamba kinapokea kompyuta kuukuu zilizoungua, nyumba nyingi za Uasin Gishu zina cha kuleta.