Rekodi ya kazi yangu ibaki kwenye mashine yangu

Leo nimekuja na hasira zangu, mnivumilie.

Juzi kwenye kikao cha grupu letu la mradi wa mwaka wa mwisho, mwenzetu mmoja kaleta hoja: eti kila mtu aweke kwenye kompyuta yake programu ya kurekodi kazi, halafu kila Ijumaa rekodi zitumwe kwa kiongozi, tujue nani anapiga kazi na nani anadesa tu. Watu wakaitikia. Mimi nikakataa, nikaitwa mvivu. Haya, leo najibu.

Kwanza, programu yenyewe siipingi. Naitumia! Inaitwa ActivityWatch, ni ya bure. Unaishusha, unaiwasha, basi: inakaa kimya huko nyuma na kuandika dirisha gani lilikuwa mbele yako na kwa muda gani. Usipogusa kibodi wala mausi kwa dakika 3, inahesabu umeondoka. Ukitaka kuona rekodi unafungua localhost:5600, yaani mashine yako inaongea na mashine yako. Haipeleki chochote kwenye seva ya mtu.

Na imeniokoa. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku nikiwa nasaka kosa kwenye hifadhidata, na betri yangu mnaijua. Asubuhi sikumbuki hata nilikuwa nimefika wapi. Git ilinionyesha nilichohifadhi, lakini git haijui ulikuwa unasoma ukurasa gani kabla giza halijaingia. Rekodi ilijua. Nusu saa tu nikawa nimerudi palepale.

Sasa ugomvi uko hapa. Kichwa cha dirisha kinataja faili la mradi, sawa. Kinataja pia barua pepe uliyofungua, na ule ukurasa wa ugonjwa uliokuwa unausoma peke yako saa nane usiku. Unataka nikutumie na hayo kila Ijumaa? Thubutu!

Mnakumbuka Recall ya Microsoft? Waliitangaza Mei 2024, inapiga picha skrini yako kila baada ya sekunde chache. Nayo ilikuwa inakaa kwenye kompyuta ya mwenyewe. Wataalamu wakaonyesha kwamba hifadhi yake inasomeka kirahisi, Juni wakaahirisha, na ilipotoka Aprili 2025 ikawa ya hiari. Kampuni kubwa kama ile imelazimika kumwuliza mtu kwanza, sembuse sisi watu watano wa hosteli?

"Na wavivu je?" Jamani, rekodi inahesabu dakika, haihesabu kazi. Naweza kuacha faili wazi, natikisa mausi huku naangalia mpira kwenye simu, nikaonekana shujaa. Aliyekaa na karatasi na kalamu saa mbili mpaka akapata jibu, ataandikwa hayupo. Hiyo ni haki?

Mnataka kumjua mvivu? Fungueni git muone nani kaandika nini, kisha kila mtu asimame aeleze kipande chake mbele ya wenzake. Aliyedesa atajulikana kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Kikao kingine ni Jumatano. Nitasema hayahaya, hata nikibaki peke yangu. Na wewe unayeiweka kwa matumizi yako, weka nywila kwenye kompyuta, usiiazimishe hovyo.

Naomba kutoa hoja.