Saa Moja ya Binti Yetu

Tulikuwa tukiionea fahari ratiba yetu. Ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu, nyumbani kwetu Mbagala, na hapakuwa na kisanduku kilichobaki wazi. Baada ya shule na swala ya Alasiri, binti yetu mwenye miaka 13 huenda madrasa kuhifadhi Qur'ani, saa 10 hadi saa 12 jioni. Mdogo wake wa darasa la nne, ambaye mwaka huu anakabiliwa na mtihani wa upimaji, huenda tuisheni siku tatu na mpira siku mbili. Kitinda mimba husoma katika chuo cha watoto wadogo karibu na soko.

Ndugu msomaji aliyewahi kukwama jioni katika Barabara ya Kilwa anajua kwamba asiyeondoka Kariakoo mapema hana haki ya kuahidi kufika Mbagala kabla ya Maghrib. Sisi wawili, mmoja dukani na mwingine ofisini, tulifika baada ya Maghrib karibu kila siku, na kila siku tuliwakuta watoto wote watatu ndani, wameoga na wameswali. Tulimshukuru Mola, tukaketi kula. Hatukujiuliza wanafikaje.

Mwezi wa Shaabani tuliitwa madrasa pamoja na wazazi wengine. Ustadhati alitufungulia daftari la binti yetu. Juzuu Amma alikuwa ameimaliza vizuri, akaingia Tabaraka, akahifadhi Suratul Mulk, na katika Suratul Qalam akasimama. Miezi mitatu kurasa zilikuwa tupu.

"Mama, mtoto huyu hana uzito wa kuhifadhi," alisema kwa upole. "Lakini wakubwa huwasikiliza mwisho, na yeye kila ifikapo saa 11 huomba ruhusa. Husema anawafuata wadogo zake."

Kumbe ndivyo ratiba yetu ilivyokuwa ikikamilika. Chuo cha mdogo hufunga saa 11, na njia ya kutoka huko inakatisha barabara kuu, ambayo mtoto wa miaka sita hawezi kuivuka peke yake. Akishamchukua, humpitia na yule wa kati, kisha huja nyumbani kuwasha jiko. Tulipomuuliza kwa nini hakutuambia, alitutazama kwa mshangao.

"Si mlisema niwaangalie wadogo zangu?"

Ni kweli tulisema. Tulisema mara moja, siku ya mvua, tukasahau. Yeye hakusahau.

Usiku ule tulikumbushana kisa cha Nu'man bin Bashir, Allah amridhie, ambaye baba yake alitaka kumpa zawadi yeye peke yake, na Mtume (SAW) akakataa kuwa shahidi wa jambo hilo. Tumekisikia mara nyingi misikitini, na kila mara fikra zetu zimekwenda kwenye fedha, nguo za Idi na mirathi. Haikutupitikia kwamba saa moja ya jioni nayo ni mali, na kwamba tulikuwa tukiichukua kwa mtoto mmoja na kuwagawia wawili, tena kwa kuwa ni msichana na ni mtiifu. Kama angekuwa mkaidi tungelijua mapema zaidi.

Tumebadilisha mambo, wala si bila gharama. Kitinda mimba amehamia madrasa ya dada yake, ambako ada ni kubwa zaidi. Tuisheni imepunguzwa ikabaki Jumamosi asubuhi, na kijana wa kati bado ananuna, maana Jumamosi hiyo hiyo ndipo timu ya mtaa hucheza mechi zake. Hatuna jibu la kumridhisha, na hatujajifanya tunalo. Duka sasa hufungwa saa 9 siku za Jumanne na Alhamisi, siku ambazo wateja wa mikoani ndipo hufika. Siku nyingine tatu jirani yetu, mama mtu mzima mwenye wajukuu katika madrasa ile ile, huwarudisha wadogo pamoja na wake, Allah amlipe.

Jumanne iliyopita tulisimama nje ya madrasa, mdogo amelala begani. Watoto wengine walikuwa wameshatawanyika, na adhana ya Maghrib ilikuwa karibu. Binti yetu alikuwa bado ndani, anasikilizwa. Tulimngoja.