Nauli ya Iringa kwanza, mikanda baadaye

Najua nimeadimika, testi zilinibana mpaka nikasahau kama nina ukurasa huku. Leo nimerudi na hasira kidogo, manake jana usiku kwenye kikao cha klabu yetu ya karate tumeachana saa nne bila kuelewana, na Jumamosi tunapiga kura.

Kisa ni hela, kama kawaida. Klabu ina laki tano kasoro kidogo, buku mbili mbili tulizochanga tangu mwaka wa masomo uanze. Upande mmoja unataka tumlete mtahini toka Dar, watu wafanye mtihani, wapande mikanda, wapige picha. Upande wa pili, yaani mimi na wenzangu kama watano hivi, tunataka hela hiyo iwe nauli ya Iringa, tukafanye mazoezi na wenzetu wa vyuo vya kule kama mwaka jana.

Ngoja niwakumbushe mwaka jana. Tulitoka Mbeya alfajiri, Uyole bado giza, watu wamejifunika blanketi ndani ya Kosta. Igawa, Makambako na ule upepo wake, Mafinga tukanunua mahindi ya kuchoma, tunafika Ipogolo miguu imekufa ganzi. Zaidi ya kilomita mia tatu, halafu mtu anakwambia vua viatu, sakafu ya saruji, anza kuruka.

Nikapangiwa na dada mmoja wa mwaka wa kwanza. Mfupi, mpole, mi hata sikumhesabu. Akanipiga mara tatu sehemu ile ile, ubavu wa kulia. Wenzake wakaanza kelele za Lugalo, si unajua watu wa Iringa, hawajasahau kwamba Mkwawa alikichakaza kikosi cha Wajerumani pale tarehe 17 Agosti 1891, na kila mgeni lazima akumbushwe. Tulipomaliza yule dada akanifuata pembeni. "Kaka, samahani. Kabla hujapiga, bega lako la kushoto linapanda. Nakuona mapema."

Jamani, miaka miwili! Miaka miwili nafanya mazoezi Mbeya na hakuna aliyewahi kuniambia. Si kwamba wenzangu wananichukia. Wamenizoea tu. Wanalikwepa bega langu bila hata kujua kwamba wanalikwepa, na mimi nalikwepa goti la fulani, na fulani anakwepa kiwiko cha mwenzake. Tunaonana kila siku mpaka hatuonani tena. Hilo mtahini wa siku moja hawezi kulitibu. Atakaa kwenye kiti, ataangalia kata, atasaini.

Kuna mhadhiri mmoja hapa aliyesoma Japani, mzee wa watu mpole sana, ambaye huwa anakuja kutuangalia. Siku moja alituletea shinai, ule upanga wa mazoezi wa kendo. Ni vipande vinne vya mianzi vilivyofungwa pamoja kwa ngozi na uzi. (Mianzi! Wenzetu wa Iringa wanaigema ulanzi, Wajapani wanachapana nayo vichwani.) Tuliushika kwa zamu kama mtoto mchanga. Akatueleza kwamba kwenye kendo unapiga sehemu chache tu, kichwa, kifundo cha mkono, kiwiliwili na koo, na unapopiga unapaza sauti kuitaja sehemu unayoipiga. Na ukipata pointi halafu ukashangilia, waamuzi wanaweza kukunyang'anya. Hapo kuna watu wa klabu yetu walitazama chini, wanajijua.

Ila lililonikaa kichwani ni mengine mawili. Kwanza, kendo haina mikanda ya rangi. Madaraja yapo, tena magumu kweli. Kufanya mtihani wa dani ya nane lazima uwe na umri wa miaka 46 au zaidi, na uwe umekaa miaka kumi na dani ya saba, na bado wengi mno wanafeli. Lakini mtu akivaa vifaa vyake humjui ni wa daraja gani mpaka msimame mkabiliane. Pili, wana desturi yenye jina lake kabisa, degeiko. Ni kutoka kwenu na kwenda kufanya mazoezi kwenye dojo ya watu wengine. Yaani kile tulichofanya Iringa kwa kubahatisha, wenzetu wamekipa jina na wanakiona ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Mtasema hiyo ni kendo, sisi ni karate. Sawa. Lakini mkanda wenyewe tumeuazima. Kano, mwanzilishi wa judo, ndiye aliyeanza kuwavisha wanafunzi wake mkanda mweusi, na Funakoshi akaja kuuingiza kwenye karate mwaka 1924. Wazee wa Okinawa waliomtangulia walipigana vizuri tu bila rangi kiunoni. Na hapa kwetu, Nantambu Camara Bomani, yule Mmarekani mweusi aliyeanza kufundisha Goju-ryu pale Zanaki, Dar es Salaam, mwaka 1973, alipanda watu. Wanafunzi wake wakafundisha wengine, na wengine wakasambaa nao. Karate haikufika mikoani kwa posta, ililetwa na watu waliosafiri.

Nakubali hoja ya upande wa pili, si ya kipuuzi. Mwaka wa kwanza wakiona mikanda wanajiandikisha. Mtu aliyetoka jasho miaka mitatu anataka kitu cha kumwonyesha mama nyumbani. Hata mimi nautaka wa kahawia, nisiwe mnafiki.

Sasa nauliza, fundi wetu mnampeleka wapi?

Kwa wasiomjua, ni fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, si mwanafunzi wa chuo. Anafunga kazi jioni, anakuja na ovaroli lina matundu ya cheche, anavua, anaanza kutupanga mistari. Aliyekufundisha kusimama ni yeye. Aliyekufundisha kuanguka bila kuvunja mkono ni yeye. Mkanda wake ni wa kijani na umeshapauka kabisa, manake ada ya mtihani mtu anajilipia, na yeye ana watoto watatu. Hizo laki tano zinamleta mtahini tu, ada kila mtu mfukoni kwake. Kwa hiyo siku ya mtihani watoto wa boom watapanda, na aliyewafundisha atakuwa amesimama ukutani ameshika mataulo. Halafu Jumatatu yake atasimama mbele ya watu wenye mikanda iliyompita na kusema "piga hivi". Nani atakuwa anamsikiliza? Labda sisi tunaomjua. Hao wapya wanaoambiwa wafuate rangi, sidhani.

Iringa mwaka jana hakuna aliyemuuliza rangi. Walimwona anavyosogea, baada ya nusu saa wakamwomba aongoze mazoezi ya asubuhi ya Jumapili. Akaongoza. Kwenye Kosta ya kurudi hakusema neno mpaka Makambako, halafu akasema tu, "Wale watu wana adabu."

Nauli nimeshaipigia hesabu. Tukienda watu kumi na wawili na tukaongea vizuri na mwenye gari, inatosha na chenji ya chai inabaki. Kulala tutalala kwa wenyeji wetu kama mwaka jana, chini, na blanketi kila mtu abebe lake, Iringa nako ni baridi.

Fundi nimempigia asubuhi hii. Kasema Jumamosi ana geti la mtu la kumalizia, atachelewa kidogo. Nimemwambia hatupigi kura mpaka afike. Wale wa upande wa mikanda mnaosoma hapa, na najua mnasoma, mje mmejiandaa kusubiri.