PUMU SI UVIVU

Huku kwetu Gusii baridi ya asubuhi huja na ukungu, na moshi wa kuni hujaa jikoni tangu alfajiri. Mwenye pumu huamka akikohoa, hufika kazini amechelewa, na mnyapara humwita mvivu. Mwenzetu mmoja aliitwa hivyo miezi mingi. Usiku mmoja alikimbizwa hospitali kwa pikipiki, hawezi kusema maneno matatu pasipo kutweta. Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini mfukoni alikutwa na kopo la bluu peke yake, tena karibu limekwisha.

Hapo ndipo penye kosa. Mimi ni mtu wa reli, si daktari, lakini jambo hili nimeelezwa hata nikalifahamu. Mapafu yana mirija ya hewa. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo ina uvimbe hata siku asipoona taabu. Likija vumbi, moshi au mafua, misuli inayoizunguka hukaza, na makamasi mazito huziba nafasi iliyobaki. Kopo la bluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli kwa saa chache tu. Uvimbe haliutibu. Dawa ya uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama budesonidi, nayo hutumiwa kama daktari alivyoagiza hata mgonjwa akijiona mzima. Wengine huiacha kwa kuwa haileti nafuu papo hapo. Anayemaliza kopo la bluu mbio mbio asidhani anajitibu, yuko hatarini. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Wako wachache ambao hata wakivuta dawa kwa kipimo kikubwa, na kwa njia iliyo sawa, hawapati nafuu. Hiyo ndiyo pumu kali yenyewe. Kwao zimetengenezwa sindano, kama mepolizumabu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, ya kupunguza chembe za damu zinazochochea uvimbe. Bei yake ni ya matajiri. Lakini kabla ya kuililia sindano, na tuulize kwanza kama mgonjwa amepata steroidi, na kama ameonyeshwa namna ya kuivuta.

Ndugu zetu wa viwanda vya chai wasikilize. Vumbi la majani makavu katika chumba cha kuchambulia laweza kuleta pumu. Daktari Uragoda aliandika habari hiyo kutoka Sri Lanka mwaka 1970. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awakinge wafanya kazi na vumbi. Kujifunga leso puani si kinga.

Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Basi twataka steroidi ya kuvuta isikosekane katika zahanati, Kisii na Nyamira. Twataka mwenye pumu aende kliniki bila kukatwa siku, na ahamishwe penye vumbi bila kupunguziwa mshahara. Kila katibu wa tawi alete katika mkutano ujao orodha ya vyumba vyenye vumbi.