«Piga mpira ukutani»: kwa nini?

Muhula huu nilishuhudia jaribio la mpira wa wavu la wenzetu wa elimu ya viungo, hapa Bukavu. Mwalimu alieleza kwa Kifaransa, kisha akafupisha kwa Kiswahili: «Piga mpira ukutani.» Mmoja akapiga kwa kiganja, mwingine kwa ngumi, wa tatu kwa vidole. Wasimamizi wawili wakahesabu, na hesabu zao hazikulingana.

Kipimo huitwa thabiti iwapo mtu yuleyule akirudia anapata alama zinazokaribiana, na wasimamizi wawili wakimtazama wanaandika kitu kimoja. Visipokuwa hivyo, lawama huenda kwa uchovu, upepo au mpira uliolegea. Mimi ningeanza na kitenzi. Tunapiga simu, pasi, picha, makofi. «Piga» haitaji kiungo. Tena, aliyeelewa vibaya mara mbili kwa namna ileile atapata alama zinazolingana, na kipimo kitaonekana kizuri!

Mbio za mita 20 za Léger na Lambert, zilizochapishwa mwaka 1982, huongozwa na mlio, na mlio hauna lahaja. Stadi za mpira haziwezi kuongozwa hivyo.

Wapo watakaosema lugha ya masomo ni Kifaransa. Sawa, basi tukiri kwamba alama za wavu zinapima Kifaransa pia.

Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe yaleyale kwa kila kundi, na «kosa» lifafanuliwe kabla ya kuhesabu. Ni kazi ya alasiri moja, na idara yetu iko ng'ambo tu ya kiwanja.