Mpelekeni Hospitali, Hata Kama Mwaka Umepita

Ndugu zangu, katika mitaa na vijiji vyetu wapo watu ambao goti lao lilihama siku bodaboda ilipoanguka, au walipoporomoka kutoka juu ya mnazi, na halikurudishwa hadi leo. Walikandwa, wakafungwa vitambaa, uvimbe ukapungua, mambo yakaishia hapo. Mtu huyo akisimama, mguu mmoja ni mfupi, mfupa wa muundi umesogea nyuma ya paja, na fimbo haimtoki mkononi. Ameambiwa ndivyo Mungu alivyopanga, naye amekubali. Nawaombeni tusikubali mapema hivyo.

Goti linapohama, kano zinazolishikilia hukatika, mara nyingi zaidi ya moja. Wiki chache zikipita, nafasi ya kiungo hujaa makovu na msuli wa mbele ya paja hufupika. Ndiyo maana kulivuta kwa mikono hakufai tena. Daktari bingwa wa mifupa, hata hivyo, anazo njia. Hufungua goti, akaondoa makovu, akalegeza msuli uliofupika, kisha akaurudisha muundi mahali pake huku akiulinda mshipa mkubwa wa damu upitao nyuma ya goti. Wakati mwingine huanza kwa kufunga vyuma nje ya mguu, vikawa vinakazwa kidogo kidogo kila siku mpaka mifupa ikutane. Kano zilizokatika huweza kutengenezwa upya kwa kano nyingine za mwili. Gegedu likiwa limeharibika sana, mtu mzima huweza kuwekewa goti bandia, au mifupa ikaunganishwa: goti halitakunjika, lakini mguu utabeba uzito.

Nisiwadanganye: goti halitakuwa kama la zamani, na mazoezi ya viungo huchukua miezi mingi. Lakini mtu akiweza kusimama dukani kwake au kwenda msikitini kwa miguu yake, amerudishiwa maisha.

Kwa familia: mpelekeni mgonjwa hospitali ya wilaya apigwe picha, kisha ombeni rufaa. Hapa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoko Dar es Salaam, hospitali ya KCMC ya Moshi na ile ya Bugando ya Mwanza zina mabingwa wa mifupa. Pesa zikiwa kikwazo, iulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza shamba.

Kwa waendesha bodaboda na kila anayefika penye ajali: goti likihama, msilivute. Ufungeni mguu kwenye ubao jinsi ulivyo, kisha guseni unyayo. Ukiwa wa baridi au umepauka, kimbieni hospitali. Mshipa wa damu ukiwa umeumia, mguu unaweza kupotea usipotibiwa ndani ya saa 6 hadi 8. Hata goti likijirudi lenyewe, nendeni, kwa kuwa mshipa unaweza kuwa umechanika ndani.

Kwa wazee wetu mnaokanda: wengi hubisha hodi kwenu kabla ya kumwona daktari. Mkiwaambia, "Hili ni la hospitali," watawasikiliza, na heshima yenu itaongezeka.

Nawe msomaji, bila shaka unamjua mtu mwenye goti la namna hii. Mtembelee wiki hii, umuulize kama goti lake limewahi kupigwa picha. Kama bado, mtafutie usafiri, ufuatane naye.