Neno "Bado" na Vielezi vya Wakati vya Kiingereza

Mwalimu amwulizapo mtoto wa shule ya msingi, "Have you finished?", si ajabu akajibiwa "Still" au "Yet". Jibu hilo halitokani na uvivu. Mtoto amewaza "Bado", ambalo ni jibu kamili katika Kiswahili, kisha akalitafutia neno la Kiingereza. Maoni yetu ni kwamba kosa hili hulelewa na orodha tunazoziandika ubaoni sisi walimu.

Orodha yenyewe yajulikana: "already" ni tayari, "still" ni bado, "yet" ni bado. Mtoto akiishika hiyo, atasema "The food is already" akikusudia kwamba chakula ki tayari. Tena hatajua achague neno lipi kati ya mawili yaliyopewa maana moja. Wino mwekundu ukizidi daftarini, huanza kuamini kwamba Kiingereza hakina utaratibu, na hapo huacha kujaribu.

Kumbe Kiswahili huzitenga maana hizo barabara, ila huzitenga ndani ya kitenzi. Tuchukue mfano wa Kitaya, mkoani Mtwara, kando ya mto Ruvuma, ambako ng'ambo ni Msumbiji. Tukisema "Mtumbwi ungali ng'ambo", twaeleza hali inayoendelea: "The canoe is still on the other side." Tukisema "Mtumbwi haujafika", jambo lingojewalo halijatokea: "The canoe has not arrived yet." Na tukisema "Mtumbwi umekwisha fika", jambo limetimia: "The canoe has already arrived." Basi "-ngali" na ituongoze kwenye "still", "-ja-" ya kukanusha kwenye "yet", na "-mekwisha" kwenye "already".

Mahali pa kila neno pia pafundishwe. "Still" hufuata "is" na "are", lakini hutangulia kitenzi kikuu, kama katika "They still live here." "Already" hukaa baada ya "has" au "have". "Yet" hukaa mwishoni mwa sentensi ya kukanusha au ya kuuliza, na jibu fupi la "Bado" ni "Not yet". Ipo pia "The canoe still has not arrived", isemwayo na aliyechoka kungoja. Hiyo isubiri mpaka msingi uwe imara.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee. Katika mazoezi twakubaliana nao. Lakini Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967, na watoto wengi wa Kitaya husikia Kimakonde nyumbani. Mtoto huyo haji darasani na akili tupu. Ulinganishaji tunaoutetea ni wa mwalimu anapoandaa somo lake, wala si lazima uchukue kipindi kizima.

Kwa hiyo, walimu wanachuo, tunawashauri mwiache orodha. Chora mto ubaoni, kata mtumbwi wa karatasi, uusogeze polepole kutoka ng'ambo, huku ukiuliza kila hatua, "Has it arrived?" Wajibu "Not yet" mpaka uguse ukingo. Hapo ndipo uwafundishe "already", kwa kuwa watakuwa wameliona jambo lenyewe likitimia.